Miezi mitatu ya Kiingereza: miwani ya mgodi na mwenzangu wa Zonguldak

Sisi wa politekniki hapa Lubumbashi tunasoma kila kitu kwa Kifaransa, halafu ukienda kuomba staji kwenye kampuni za shaba unaulizwa Kiingereza. Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye kozi moja ya wahandisi: siku mbili kwa wiki unavaa miwani ya uhalisia pepe, siku ya tatu unaongea kwa video na mwanafunzi wa nchi nyingine.

Miwani inakushusha ndani ya mgodi wa wazi. Siku ya kwanza sauti ikaniambia, "Stand on the bench." Nikageuza kichwa huku na huku natafuta benchi la kukalia, wenzangu wanacheka. Kumbe "bench" ni ile ngazi kubwa ya mwamba, "gradin" ya profesa wetu, ambayo nimeichora mara nyingi tu. Nilikuwa nimesimama juu yake! Na "face" si uso, ni ukuta wa mwamba unaochimbwa. Maneno hayo hayanitoki tena.

Lakini miwani sita kwa watu ishirini na wanne? Zamu yako ikifika, ina jasho la mwenzako na betri imebaki robo. Uzito karibu nusu kilo. Dakika ishirini tu, kizunguzungu kinanishika. Tena ukikosea, ile sauti inarudia sentensi ile ile. Haichoki, wala haikuelewi.

Mwenzangu wa video yuko Zonguldak, Uturuki, kwenye makaa ya mawe. Saa zao zinatutangulia kwa saa moja tu, hakuna anayekesha. Kwao wanachimba chini ya ardhi, mgodi usio na paa hajawahi kuukanyaga. Nikamweleza "bench", hakuelewa. Kifaransa hajui, Kiswahili ndiyo usiseme. Nikapanga vitabu vitatu kama ngazi mbele ya kamera, nikapitisha kiberiti juu yake kama lori. "Ah, stairs for trucks!" Kiingereza chake kina makosa kama changu, kwa hiyo simwonei haya.

Video inakula mega vibaya sana, na umeme ukikatika mazungumzo yamekwisha. Hata hivyo, ningeruhusiwa kupanga ratiba, miwani ingebaki siku moja, video siku mbili. Jumanne ni zamu yake kunieleza wanavyotegemeza paa la handaki. Nimeshamwambia aje na vitabu.