Risasi gani ununulie bunduki: mwongozo kwa mwindaji wa Iringa na Mbeya

Kila mwaka kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa mwezi Julai, simu za aina moja huanza kuingia. "Kaka, nimeruhusiwa kumiliki bunduki. Nichukue kaliba gani?" Kaliba ni unene wa risasi na mtutu wake, na namba kama .375 hutaja unene huo kwa inchi. Anayeuliza anaweza kuwa mkulima wa Mafinga, mfanyabiashara wa Mbeya mjini, au kijana wa Njombe anayetaka kuwinda kwa leseni kama baba yake. Na karibu kila mara anakuwa ameshajijibu moyoni: anataka kubwa. Amesikia .375 inaangusha nyati, basi anaona swala pala itamwangusha vizuri zaidi. Huyo ndiye ninayemwandikia, asome kabla hajatoa fedha. Kaliba ikishaandikwa kwenye leseni ndiyo utakayoishi nayo, na risasi utakazouziwa ni za bunduki hiyo tu.

Nizungumzie ukubwa kwanza, maana ndio unaowavutia watu dukani. Zisimamishe risasi mezani kwa mstari. .22 ni fupi, milimita 25 tangu kitako cha ganda hadi ncha. .223 Remington ina milimita 57 na wembamba wa kalamu. .308 Winchester inafika 71. .30-06 Springfield inafika 85, na .375 H&H Magnum 91, ikiwa na mkanda wa shaba unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako. Ukizitazama hivyo utadhani .30-06 ni bunduki nyingine kabisa na .308. Sasa shika vichwa vyake viwili, yaani ile sehemu ya mbele inayoruka: unene ni ule ule, milimita 7.8, na uzito unaweza kuwa ule ule. Kilichozidi ni ganda tu, milimita 63 dhidi ya 51, yaani nafasi ya baruti. Nafasi hiyo inaipa .30-06 mwendo wa mita 820 kwa sekunde ikiwa na kichwa cha gramu 11.7, na .308 inakitupa kichwa hicho hicho kwa mita 800. Mnyama hatajua tofauti hiyo. Bega lako linaijua kidogo.

Halafu kuna njia ya risasi angani, jambo linalobishaniwa sana. Risasi zote huanza kushuka mara tu zinapotoka kwenye mtutu. Ile yenye kasi inawahi kufika kabla haijashuka sana. Ukirekebisha darubini ya kulengea ili bunduki ipige pale pale kwenye mita 200, basi kwenye mita 300 .270 Winchester na .300 Winchester Magnum zitakuwa zimeshuka takriban sentimita 22 chini ya ulipolenga, .308 na .30-06 karibu 27, na .375 karibu 33. Kwenye karatasi hizo mbili za kwanza zimeshinda.

Lakini mita 300 unazipata wapi huku kwetu? Kwenye miombo ya Chunya na Rungwa, au vichaka vya Pawaga na Idodi, mnyama unamwona kwa mita 70, 100, mara chache 150. Kwenye mita 100, risasi hizo tano zitapita juu ya ulipolenga kwa sentimita 5 hadi 8, kwa kuwa mtutu umeinuliwa kidogo ili zifike kwenye mita 200. Zinapishana kwa sentimita tatu, na moyo wa kuro ni mkubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Anayewinda kwenye mbuga za wazi ndiye pekee mwenye sababu ya kuuliza sana kuhusu mshuko, na hata yeye namshauri ajifunze kunyata kabla ya kununua kasi. Watu huuliza pia kuhusu mwinuko, kwa kuwa tunarekebisha bunduki Mafinga, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, halafu tunateremka kuwinda bondeni chini ya mita 1,000. Hewa ya bondeni ni nzito zaidi, kwa hiyo risasi inapungua kasi mapema kidogo. Kwa mita 150 huwezi kuiona tofauti hiyo kwenye karatasi ya shabaha.

Kinachoharibu uwindaji wetu ni teke la bunduki, yaani inavyorudi nyuma na kugonga bega.

Mimi nilianza na .375 ya kuazima, kwenye uwanja wa shabaha, chini ya macho ya mzee mmoja aliyekuwa askari wa wanyamapori. Nilipiga risasi sita, na kila moja ilikwenda chini kushoto. Nikalaumu darubini. Mzee akaniambia, "Hebu nipe, mwanangu." Akanipa mgongo, akafungua bolti, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi, akafunga, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta kifyatulio. Kikasikika kilio kidogo tu, tak! Alikuwa ameweka ganda tupu. Na kwa macho yangu nikaona ncha ya mtutu ikizama kama kiganja kizima, kushoto na chini, pale pale risasi zangu zilipokuwa zikienda. Nilikuwa naisukuma bunduki mwenyewe kabla haijalia, kwa kuiogopa. Mzee hakucheka. Akasema, "Darubini yako ni nzima. Unaiogopa bunduki. Rudi kwenye ndogo." Miezi mitatu nilipiga .308, na mkono ukatulia.

Kwa hiyo tuipime nguvu ya teke. Kwa bunduki ya kawaida ya kilo tatu na nusu hadi nne hivi, .223 inarudi begani kwa takriban jouli 5. .308 inafika 22, .30-06 karibu 27, .300 Winchester Magnum 35, .375 karibu 50, na .458 Winchester Magnum inapita 80. Ukiruka kutoka .30-06 kwenda .375 unakaribia kuongeza teke mara mbili. Bunduki nzito hupunguza, na kitako cha mpira husaidia, lakini mwanzoni hakuna dawa ya kuzoea isipokuwa kupiga risasi nyingi za teke dogo.

Sasa nipange.

Kwa mtu atakayekuwa na bunduki moja tu, naweka .30-06 juu. Ilitoka Marekani mwaka 1906, nusu ya jina lake ni mwaka huo, na miaka zaidi ya mia imeonyesha inavyofaa. Inakubali vichwa kuanzia gramu 9.7 za swala hadi gramu 14.3 zinazopenya nyama nzito ya pofu au tandala mkubwa. Teke lake mtu mzima wa kawaida analimudu akifanya mazoezi kwa wiki chache. Nimeitumia kwa nguruwe pori, kuro na pofu, na sijawahi kuona bunduki ikikosea. Mara zote mbili nilizomjeruhi mnyama, mkosaji nilikuwa mimi.

Nyuma yake kwa unywele ni .308, iliyoingia sokoni mwaka 1952. Mwili ukiwa mdogo, ipandishe nafasi ya kwanza bila kusita. Unapoteza vile vichwa vizito sana, basi.

.375 ni ya tatu, kwa sharti moja: nyati awe kwenye mpango wako kweli, na kibali chake kiwepo. Hapo huna hiari, maana kwa wanyama hatari kama nyati na tembo kanuni zinataka .375 kwenda juu, na zina haki. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912; inatupa gramu 19.4 kwa mita 770 kwa sekunde, na njia yake angani ni nyoofu kuliko watu wanavyodhani. Anayeimudu ana bunduki ya Afrika nzima. Anayeiogopa ana hatari mbili mbele yake, bunduki na nyati aliyejeruhiwa.

Hapa nataka kuitetea moja ambayo wengi hawaiulizii: 9.3x62. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 iingie kwenye bolti ya kawaida ya Mauser 98, bunduki ya Kijerumani, ili walowezi na wawindaji wa makoloni wapate nguvu kwa bei ndogo. Wakati huo Iringa na Mbeya zilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani, kwa hiyo risasi hii ilibuniwa ikiwa na ardhi kama hii akilini. Gramu 18.5 kwa mita 720, teke la jouli 40 hivi linalosukuma polepole badala ya kugonga. Unene wake ni milimita 9.3, na .375 ni kama milimita 9.5, kwa hiyo kabla hujaipangia nyati uliza ofisi ya wanyamapori wanaisomaje. Na hakikisha muuzaji wako anaweza kukupatia risasi zake mwaka hadi mwaka. Ni sababu hiyo tu inayoishusha.

.270 ni nzuri kwa mbuga na miteremko ya wazi. .300 Winchester Magnum sioni inachokuongezea kwenye miombo zaidi ya maumivu. .223 inunue kwa mazoezi na wanyama wadogo sana. Ukiielekeza kwa pofu unamtesa. .458 waachie wanaofuatana na wageni kwenye nyati na tembo kama kazi yao. Rafiki yangu aliinunua ikiwa bunduki ya kwanza, akaweka jicho karibu mno na darubini, na kovu la nusu mwezi liko juu ya nyusi yake mpaka leo.

Ukishachagua, nunua maboksi mawili ya aina moja, mtengenezaji mmoja, uzito mmoja wa kichwa. Ukichanganya, kila boksi litapiga mahali pake na utaanza kuihangaikia darubini isiyo na kosa. Kwa swala hadi pofu chukua kichwa laini kinachochanua ndani ya nyama. Kichwa kigumu kisichochanua kinatoboa na kutoka, na mnyama anakimbia kilomita. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda, risasi moja moja, usitegemee boksi: namba .308 na .300 hufanana ukizisoma kwa haraka, na nimeshaona moja imeingia kwenye boksi la mwenzake.

Na kwa anayeishi Mufindi au Tukuyu, ukungu wetu ni adui wa shaba. Risasi zinazolala kwenye mkanda wa ngozi huota kutu ya kijani shingoni mwa ganda ndani ya masika moja. Zitoe, zifute kwa kitambaa kikavu, zirudishe kwenye boksi lake ndani ya sanduku linalofungwa kwa ufunguo, mbali na bunduki. Ile yenye kijani kilichokwisha kuchimba shaba usiipige hata kwa mazoezi. Ipeleke polisi waiteketeze.