Kufunga transidusa ya Garmin Striker 4 kwenye boti ya faiba: mahali, kimo na waya

Habari zenu wavuvi, manahodha na mafundi wa boti. Mezani leo tuna Garmin Striker 4, kitafuta samaki chenye kioo kidogo cha inchi 3.5. Kioo tutakigusa baadaye. Tunachochambua hasa ni hiki kidude cheusi chenye waya wake, transidusa, maana hiki ndicho kinachopiga mlio kwenda chini na kusikiliza mwangwi unaporudi. Kikifungwa pabaya, hata kioo cha inchi 12 kitakuonyesha ukungu mtupu.

Breketi yake ni ya plastiki, ya kufunga kwenye ubao wa nyuma ya boti, upande wa tezi. Waya una urefu wa mita 6 hivi. Kwa boti nyingi za futi 18 hadi 20 unatosha. Usipofika, nunua waya wa kurefushia uliotengenezwa kwa mashine hii. Tafadhali usiukate ukaunga kwa mkono. Ndani mna nyaya nyembamba zilizozungushiwa wavu wa chuma unaozuia kelele za umeme, na wavu huo ukishakatika, kelele za injini zinaingia moja kwa moja kwenye picha.

Sasa mahali pa kufunga, na hapa msiwe na haraka. Adui mkubwa wa transidusa ni hewa. Sauti hukata maji ya bahari kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, lakini ikikutana na povu inarudishwa palepale, haifiki chini. Kwa hiyo tunatafuta sehemu ambayo maji yanatoka chini ya boti yakiwa laini. Lala chini utazame tumbo la boti kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Ukiona mbavu zilizotokeza, tundu la kupitisha maji, kichwa cha skrubu au kiraka cha faiba kisicho laini, mstari wote ulio nyuma yake una povu. Hapo hapafai.

Kwa boti ya injini moja, propela nyingi huzunguka kuelekea kulia ukizitazama kwa nyuma. Mabapa yake yanashuka upande wa kulia na kupanda upande wa kushoto, na upande yanapopanda ndipo maji yanapovurugwa zaidi kuelekea kwenye boti. Funga upande wa kulia basi, karibu na mkuku (uti wa katikati chini ya boti) kadiri unavyoweza, lakini usisogee karibu na propela kuliko sentimita 38. Ikiwa propela yako inazunguka kinyume, geuza hesabu.

Kimo. Weka rula ndefu ya chuma chini ya boti, itokeze nyuma, kisha pima. Kwa faiba, uso wa transidusa ushuke milimita 3 chini ya tumbo la boti. Kwa alumini, milimita 10, kwa sababu ribiti (misumari inayounganisha mabati) na mbavu zake huchafua maji zaidi. Mtu anaweza kufikiri akishusha sentimita 5 atapata picha safi zaidi. Atapata maji yanayoruka nyuma kama bomba lililopasuka, na kwa mwendo wa kasi breketi itavunjika.

Kabla ya drili, mna njia moja tunayoipendekeza kuliko ile ya kwenye karatasi ya maelekezo. Chukua ubao mnene wa plastiki, hata ule wa jikoni wa kukatia nyama, unene wa milimita 12 au zaidi. Ukate sentimita 15 kwa 20, uufunge kwenye boti kwa skrubu mbili tatu, kisha breketi uifunge kwenye ubao huo. Boti inatobolewa mara moja tu. Siku ukitaka kuhamisha breketi au kubadilisha transidusa, unatoboa plastiki, hutoboi boti.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Zile za kawaida maji ya chumvi yatazila. Biti ya drili iwe nyembamba kuliko skrubu: kwa skrubu ya milimita 5, biti ya 4. Zungushia biti utepe kuonyesha kina unachotaka, ili usitokee upande wa pili. Kwanza tanua mdomo wa tundu kidogo kwa biti kubwa, ngozi ya juu ya faiba tu, la sivyo skrubu ikikaza utaona nyufa zinatambaa kama nyota. Jaza tundu Sikaflex ya boti (gundi ya kuzibia maji), paka na kwenye skrubu, kaza kwa mkono. Tundu lisilozibwa vizuri huingiza maji kwenye mbao iliyo ndani ya faiba. Mbao hiyo ndiyo inayobeba injini, na ikioza gharama yake haina mfano na bei ya kitafuta samaki.

Matundu ya breketi yenyewe ni marefu, yanaruhusu kupandisha na kushusha. Anza katikati. Uso wa transidusa utazame chini sawasawa boti ikiwa majini na mzigo wake, siyo ikiwa juu ya trela. Kaza nati kiasi cha kuishikilia mwendoni, lakini ikigonga gogo iweze kukunjika.

Waya upandishe juu ya ubao wa nyuma, uubane kila sentimita 20 hivi, na tundu la kuingilia ndani liwe juu kabisa ya usawa wa maji. Usiupitishe pamoja na nyaya za injini wala za redio. Umeme wa mashine uchukue kwenye betri ya volti 12 moja kwa moja, kupitia fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu chake.

Haya, majaribio. Nenda polepole, kisha kwa kasi ya fundo 10, kisha 15, ukitazama kwenye kioo mstari wa sakafu ya maji. Ukikatika kasi inapopanda, shusha transidusa milimita 3, ujaribu tena. Bado? Inamisha kidogo sehemu ya nyuma ya transidusa, nyuzi (digrii) mbili tatu tu. Na kama picha ina mistari na vidoti kila mahali, simamisha boti, weka gia huru, pandisha mzunguko wa injini. Uchafu ukitokea hapo hapo boti ikiwa imesimama, tatizo ni umeme: tazama nyaya. Ukitokea mwendoni tu, tatizo ni povu: rudi kwenye mahali na kimo. Kipimo hiki cha dakika moja kinaokoa siku nzima ya kufungua na kufunga.

Wenye mashua na mitumbwi ya mbao, msikubali mtu awaambie mgundishe transidusa kwa ndani. Sauti haipenyi mbao vizuri. Kupigia kwa ndani kunafaa kwenye faiba tupu tu, isiyo na mbao wala povu gumu la kujazia katikati, na hata hapo nguvu inapungua na joto la maji halisomeki sawa. Kwa mbao, funga transidusa kwenye bomba au mti mnyoofu, ulishikize ubavuni kwa kibano, ulishushe ukifika kwenye uvuvi na kulipandisha unapoondoka. Ni njia nzuri kabisa kwa anayevua boti ikiwa imesimama.

Kuhusu uwezo wake: transidusa hii inapiga mlio wa masafa mawili, kilohezi 77 na 200. Kwa 200 mwale wa sauti una nyuzi 15, maana yake kwenye maji ya mita 30 unaona duara la mita 8 hivi. Kwa 77 ni nyuzi 45, duara la mita 25 hivi. Ukitafuta jiwe au mwamba, tumia 200. Ukitafuta kundi la samaki, 77 inafagia eneo kubwa, ila haikuambii wako upande gani. Kina cha juu kinachotajwa ni futi 1,600 maji baridi na futi 750 maji ya chumvi, karibu mita 488 na 229. Kwa Ziwa Victoria, ambalo kina chake kikubwa ni kama mita 80, inatosha na kubaki. Mkondo wa Zanzibar pia hauna shida. Katikati ya Mkondo wa Pemba sakafu hutaiona, na Ziwa Tanganyika ukishaacha ufuko nyuma utaona samaki walio juu tu.

Utunzaji ni mdogo. Uso ukiota magamba, osha kwa sabuni na kitambaa laini. Usikwangue kwa kisu, usifute kwa petroli wala tina (kiyeyusha rangi). Siku ya kupaka boti rangi ya kuzuia magamba, transidusa ipakwe rangi ya maji peke yake, mkono mmoja mwembamba, kwa sababu rangi yenye tina inayeyusha plastiki ya uso.