Trolljegeren: zimwi la Norway mbele ya kamera ya begani

Mtu akiniomba muvi ya zimwi iliyopigwa kana kwamba ni mkanda uliookotwa njiani, namtajia Trolljegeren kabla ya nyingine yoyote. Ni ya Norway, ilitoka mwaka 2010, na mwongozaji wake ni André Øvredal. Mimi kazi yangu ni kupiga video za harusi na sendofu hapa Tanga. Ninajua mkono wa mtu anayerekodi kweli unavyokwenda ikifika saa nane za usiku, bega limechoka na betri inaomba chaji. Katika muvi nyingi za aina hii mkono huo ni wa kuigiza: kamera inatikiswa ili tu itikisike. Hapa sivyo.

Wanafunzi watatu wa chuo cha Volda wanatengeneza kipindi kuhusu dubu wanaouawa kinyume cha sheria. Thomas anahoji, Johanna anashika maikrofoni, Kalle yuko nyuma ya kamera. Wanamshuku mzee mmoja mkimya anayeitwa Hans, mwenye Land Rover yenye mikwaruzo ya kutisha, anayelala mchana na kutoka usiku. Wanamfuata msituni. Mwanga unamulika nyuma ya miti, kunasikika mngurumo, halafu Hans anachomoka mbio gizani akipiga kelele neno moja tu: "Troll!", yaani zimwi. Hapo ndipo vijana wanapojua kwamba si jangili. Ameajiriwa na serikali kuwinda mazimwi.

Nawaombeni muitazame sehemu hiyo ya msituni kwa makini. Mpiga picha anapokimbia kuokoa roho yake haangalii tena kioo cha kamera. Inabaki mkononi, inarekodi majani, viatu, mgongo wa aliyetangulia. Na gizani lenzi inahangaika: inashika tawi lililo karibu, inamwacha uliyemkusudia awe ukungu mtupu. Sisi wa harusini tunalijua hilo vizuri, maana mtu wa ukumbi huzima taa palepale bibi harusi anapoingia. Øvredal ameugeuza udhaifu huo wa kamera kuwa pazia. Unapata pua, unapata goti, halafu giza, na kichwa chako kinamalizia zimwi lililobaki.

Watu watauliza, je, Cloverfield, ile muvi ya Kimarekani ya zimwi linalovamia New York, nayo ya kamera ya mkononi? Naipenda pia. Ilitoka Januari 2008, mwongozaji ni Matt Reeves na mtayarishaji ni J.J. Abrams. Kichwa cha ile Sanamu ya Uhuru kinapotua katikati ya barabara ya New York, niliruka kitini. Pale kwenye handaki la treni, wanapowasha taa ya kuonea gizani na kuona kilicho nyuma yao, ni kazi safi kabisa. Lakini kamera imeshikwa na Hud, rafiki tu, aliyekabidhiwa kwenye sherehe ya kumuaga Rob anayehamia Japani ili arekodi salamu za wageni. Baadaye wanapanda jengo refu lililolala juu ya jengo lingine, na Hud bado anarekodi! Sababu anayotoa ni kwamba watu watataka kujua mambo yalivyokuwa. Naikubali kwa nusu. Na mtikisiko wake haupumziki, hata baadhi ya majumba ya sinema Marekani yalibandika matangazo ya kuwaonya watazamaji juu ya kizunguzungu.

Kalle ana sababu nzima. Ni mwanafunzi wa fani, amekuja kurekodi, na Hans amewaruhusu kwa makusudi kwa sababu amechoka kutunza siri ya serikali. Ndiyo maana kamera inatulia pale inapopaswa kutulia. Ndani ya gari, kwenye mahojiano, fremu imepangwa na uso una nafasi. Utulivu huo ndio unaoupa mtikisiko thamani yake, kwa sababu picha ikianza kuyumba unajua mshikaji ameona kitu.

Na sasa Hans. Huyu ndiye roho ya muvi. Anaigizwa na Otto Jespersen, ambaye kwao ni mchekeshaji, lakini hapa hachekeshi hata kidogo kwa uso wake. Kila zimwi analoua lazima alijazie fomu. Analalamika kwamba kazi ya usiku hailipwi ziada. Juu yake kuna bosi wa idara ya siri, Finn, ambaye shughuli yake ni kuweka mizoga ya dubu mahali zimwi lilipoharibu, wananchi waamini ni mnyama wa kawaida. Zile nguzo kubwa za umeme milimani ni uzio wa kuyazuia mazimwi yasishuke, na fundi wa umeme anahojiwa bila kuona ajabu kwamba laini yake inazunguka na kurudi ilikotoka. Mimi niliamini kila kitu kuanzia hapo. Zimwi lenye vichwa vitatu peke yake lisingenishawishi, lakini mtumishi wa umma anayedai haki zake usiku wa manane, huyo namfahamu.

Kuna tukio la darajani ambalo nimelirudia sana. Hans anatakiwa apate damu ya zimwi kwa ajili ya vipimo. Anawafunga mbuzi juu ya daraja kama chambo, kisha anavaa deraya ya chuma mwili mzima, anatembea polepole kuliendea zimwi. Kamera iko mbali, haimsogelei. Mpiga picha mwingine angevutwa na tamaa ya kupata uso. Huyu amekaa pale ambapo mtu mwenye akili timamu angekaa.

Mwanga wa jua ndio adui wa mazimwi hayo, kama zilivyo hadithi za kale za Norway, na Hans anatumia taa kali zinazoiga jua. Daktari wa mifugo anaeleza jambo hilo kwa vitamini D na kalsiamu: yaliyozeeka hugeuka mawe, machanga hupasuka. Yana pia uwezo wa kunusa damu ya Mkristo, kwa hiyo Hans anawauliza vijana mapema kama kuna anayemwamini Mungu. Kalle anaficha imani yake. Wakinaswa pangoni na mazimwi yaliyorudi kulala, jasho na hofu vinamsaliti, na anayeisikia hofu hiyo karibu zaidi ni wewe, kwa sababu unaangalia kupitia mikono yake. Baada ya kifo chake anakuja mpiga picha mpya, Malica, ambaye ni Mwislamu, na Hans hana uhakika zimwi litamchukuliaje. Hapa kwetu, ambako mimi na jirani tunabadilishana sahani za Idi na Krismasi, tukio hilo lilizua mjadala mzito sebuleni, na muvi ikasimamishwa kabisa.

Kasoro zipo. Katikati kuna safari za gari ndefu mno, milima na maziwa, nzuri kwa macho lakini zinapoza moto. Thomas na Johanna hawajachongwa vya kutosha, na kifo cha Kalle kinapitwa haraka kuliko anavyostahili. Pale mwanga unapokuwa mwingi, zimwi la kompyuta linaonekana ni la kompyuta.

Mwisho unakatika ghafla, lakini baada ya hapo wanafunga na picha halisi za waziri mkuu wa wakati huo, Jens Stoltenberg, akizungumzia eneo la gesi baharini ambalo kweli linaitwa Troll. Wamezihariri hadi anaonekana anakiri kwamba mazimwi yapo. Kama mhariri, nawavulia kofia.

Msiitafute ile iliyoingizwa sauti ya DJ wa kutafsiri. Nawaheshimu sana wale jamaa, na vibanda umiza vimenilea, lakini hapa maneno yao yatafunika pumzi, matawi yanayovunjika na ukimya wa pangoni. Chukueni ya Kinorwe yenye maandishi chini, dakika 103, mzime taa, na kama mna spika nzuri itumieni. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano.