Nyumba ya kupanga Dar: lipia lami na maji kwanza, marumaru baadaye

Dalali wa Dar akikupigia simu ataanza na jipsamu, marumaru na madirisha ya aluminiamu. Mkatishe, umuulize kutoka kituoni hadi mlangoni ni mwendo gani kwa miguu. Atasema "dakika tano tu bosi". Dakika tano za dalali ni za bodaboda.

Mpangilio huu wa maeneo, kuanzia ninalolipenda zaidi, ni wa mtu mmoja au wawili wanaofanya kazi Posta au Kariakoo na wanatafuta masta, yaani chumba kimoja chenye choo chake, au chumba na sebule chenye choo ndani. Mwenye gari na watoto wanne apange kivyake.

1. Njia ya mwendokasi: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara

Tangu mabasi haya yaendayo haraka, yenye njia yao wenyewe, yaanze mwaka 2016, kuishi karibu na kituo kumekuwa na bei yake, na mimi naona inalipika. Chukua mfano. Chumba cha 150,000 unachofika kwa miguu, na kingine kama hicho cha 100,000 huko ndani Kimara, ambako asubuhi unatoa buku (shilingi elfu moja) kwa bodaboda na jioni buku jingine. Siku 26 za kazi ni 52,000. Umeokoa hamsini kwa mwenye nyumba, ukampa bodaboda hamsini na mbili, na mvua imekunyeshea juu yake.

Magomeni ndiyo chaguo langu. Manzese ina kelele na nyumba zimebanana, ila kodi yake ni nafuu kwa mahali palipo karibu hivyo na mjini. Kimara ni vilima, kwa hiyo kabla ya kupenda mandhari fungua bomba uone presha. Na jua kwamba mvua kubwa zikija, bonde la Jangwani, kati ya Magomeni na mjini, hujaa maji na safari za kwenda mjini huvurugika. Hilo halikwepeki ukiwa upande wowote wa njia hii.

2. Sinza na Kijitonyama

Ni ghali, na sababu iko ardhini: viwanja vyake vilipimwa miaka ya 1970, ndiyo maana mitaa imenyooka na gari la taka linapita. Unalipia pia kurudi saa nne usiku ukakuta duka na chipsi. Anayependa kulala mapema akae mbali na baa za Shekilango, kwani hapo chumba kizuri kinaweza kuwa kizuri mchana tu.

3. Tabata mpaka Segerea

Kwa hela ileile unapata nafasi zaidi na fensi. Tatizo ni foleni. Ukipata nyumba nzuri huku, nenda nayo kazini siku moja ya Jumatatu kabla ya kulipa, yaani simama kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone watu wanavyogombea daladala.

4. Kigamboni

Upepo mzuri na nyumba mpya. Lakini maisha yako yanategemea pantoni (kivuko), au daraja la Kurasini lenye tozo kwa vyombo vya moto. Kwa anayefanya kazi huko huko, ipandishe namba moja.

5. Goba, Madale, Bunju

Nyumba nzima kwa kodi ya chumba na sebule cha Sinza. Bila usafiri wako mwenyewe, sahau.

Sehemu ambayo siipi namba ni bondeni, kandokando ya mto Msimbazi na vijito vyake. Angalia kuta: alama ya maji usawa wa goti, iliyopakwa rangi juujuu, inakwambia yote.

Sasa ndani ya nyumba. Cha kwanza kulipia ni LUKU yako mwenyewe, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Mita ya kuchangia huleta ugomvi wa friji na pasi, na kuna hasara nyingine isiyosemwa: TANESCO, shirika la umeme, ina kundi la bei ya chini kwa wateja wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na mita ya wapangaji sita haiwezi kubaki humo. Cha pili ni maji: bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, pamoja na tenki. Dalali akisema "maji yapo masaa 24", yaonje. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na utanunua madumu ya maji ya kunywa juu ya kodi. Choo cha ndani ni cha tatu. Jipsamu? Inashika joto na panya kama ilivyo dari yoyote.

Mwisho, hela ya kuingilia. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita mkupuo, na dalali mwezi mmoja wake. Chumba cha 150,000 kinadai 1,050,000 mkononi siku ya kwanza. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo kinga yako ni mkataba: andikeni kodi itapanda lini na taarifa itolewe miezi mingapi kabla, mkashuhudiwe serikali ya mtaa. Humo humo ingizeni kodi ya jengo, ile ya serikali. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, anayenunua umeme ni wewe, na mwenye jengo ni yeye. Akubali kukurudishia au kuipunguza kwenye kodi ya miezi inayofuata.