Reiki, kraniosakrali na tiba zingine za kuwekewa mikono: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa kwa wale wasiopenda kusoma marefu. Hizi tiba zimenisaidia, ila sio kwa sababu wanazozitaja wenyewe. Ukiniuliza kama kuna nishati ilitoka kwenye kiganja cha mtu ikaingia mwilini mwangu ikazibua kitu ntakwambia sijaiona. Ukiniuliza kama ntarudi, mbona nimesharudi mara nyingi tu. Najua waumini watanuna na wapinzani nao watanuna, sawa tu.

Shida zangu zilikua za kawaida. Kipandauso kinachokuja kikijisikia, shingo na mabega kukaza muda wote, halafu usingizi wa kuibiaibia, yaani unalala vizuri saa tano unashtuka saa nane usiku akili imewaka inapiga mahesabu ya mambo ambayo hata hayajatokea. Hospitali nilishapita, vipimo vikatoka safi, nikapewa dawa ya kipandauso ambayo natumia mpaka leo, na daktari akasema ile sentensi yao, punguza mawazo. Mawazo unayapunguzaje sasa, hapo ndo hamna anayekwambia. Masaji ya nguvu nilijaribu natoka na michubuko na uchovu kuliko nilivyoingia, kwahiyo nikawa natafuta kitu cha mikono ila kisichoumiza.

Reiki ndo nilianza nayo maana ndo rahisi kuipata. Kwa ambaye hajawahi, inakua hivi: unavua viatu tu, nguo zako zote unabaki nazo, unalala chali kwenye meza ya masaji, unafunikwa shuka. Hamna mafuta, hamna kukandwa. Mtoa huduma anaweka viganja kichwani, vinakaa dakika kadhaa, kisha kwenye macho, masikio, mabega, kifua kwa juu, tumbo, anashuka mpaka miguuni, wengine wanakugeuza wafanye na mgongo. Wengine hawagusi kabisa, wanashikilia mikono hewani sentimita chache juu ya mwili. Kikao changu cha kwanza dakika za mwanzo zote nilikua nacheka moyoni, najiuliza nimelipia mtu aniwekee mikono kweli, mara nasikia tumbo linanguruma kwa sauti hadi aibu, mara mate yamejaa mdomoni, alivyofika magotini nilikua nimeshalala na nadhani nilikoroma. Hayo ya tumbo baadae nikaelewa, mwili ukitulia ile sehemu ya mishipa ya fahamu inayoshughulika na mapumziko na kusaga chakula ndo inashika usukani, mapigo ya moyo yanapungua, tumbo linarudi kazini. Joto nalo, ambalo watu wengi wanalisimulia kama muujiza, weka kiganja chako mwenyewe sehemu moja ya mwili ukiache hapo muda mrefu bila kukisogeza uone kama hapatachemka, joto halina pa kutokea.

Ila usiku ule nililala mpaka asubuhi. Hilo silikatai.

Kilichonikera ni maelezo. Yule wa kwanza aliniambia reiki ina maelfu ya miaka na imetoka Tibet. Jamani, reiki ina mwaka wake wa kuzaliwa, 1922, Japani, na mwanzilishi anajulikana, Mikao Usui, ambae inasemekana aliipata baada ya kufunga na kutafakari mlima Kurama karibu na Kyoto, akafariki 1926. Mwanafunzi wake Chujiro Hayashi akawa na kliniki Tokyo, hapo ndo akaja Hawayo Takata, mama wa Kijapani mzaliwa wa Hawaii aliyekua mgonjwa, akatibiwa, akajifunza, akaipeleka Hawaii miaka ya 1930 mwishoni. Huyu mama ndo karibu reiki yote ya Magharibi imepitia kwake. Aliacha masta 22, yaani walimu wa ngazi ya juu, alipofariki 1980, na ngazi ya umasta aliitoza dola 10,000, kwahiyo mtu akikwambia biashara imeingia kwenye reiki juzi mcheke. Mambo ya chakra saba nayo, yaani vile vituo vya nishati wanavyosema viko mwilini, asili yake India, yamekuja kuunganishwa huku mbele. Sasa mi sina shida na kitu kuwa na miaka mia moja, shida yangu ni mtu anayeniwekea mikono kichwani halafu hajui au hataki kusema kazi yake imetoka wapi.

Na kuna wanaouliza kuhusu dini. Watoa huduma karibu wote watakwambia reiki sio dini, hamna sala wala kuabudu, na kweli vikao vyangu havikua na kitu kama hicho. Lakini sio kila mtu kakubali, maaskofu Wakatoliki wa Marekani mwaka 2009 walitoa mwongozo wakasema taasisi za Kikatoliki hazifai kuitoa. Kila mtu apime na imani yake, mi hapo napita.

Kraniosakrali sasa. Hii ndo niipendayo na ndo yenye maelezo magumu kuliko zote kuyaamini. Mizizi yake ni William Sutherland, daktari wa osteopathi (tiba ya kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono) Marekani, aliyeshika wazo kwamba mifupa ya fuvu inacheza kidogo, halafu John Upledger akaja kuipeleka kwa watu wengi miaka ya 1970 na 80. Wanasema maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mdundo wake, wao wanausikia kwa vidole na kuurekebisha. Wataalamu walipopimwa, wawili kwa mgonjwa yuleyule, hesabu zao za huo mdundo hazikulingana. Kwahiyo mdundo mi nauweka pembeni.

Lakini mguso wenyewe, aisee. Wanafundishwa kutumia uzito wa gramu 5 hivi, kitu kidogo mno, na yule ninayeenda kwake anakaa kwenye kiti nyuma ya kichwa changu anaingiza mikono chini ya kisogo, vidole vimesimama pale fuvu linapokutana na shingo, na anaacha kichwa chote kiegemee hapo. Havuti, hasukumi, anasubiri. Mwanzoni mimi mwenyewe ndo nilikua nimeshikilia kichwa changu bila kujua, shingo inafanya kazi ya kukibeba hata nikiwa nimelala, na huyu mama hasemi legeza, hasemi pumua, anakaa tu hapo mpaka misuli yenyewe inachoka kung'ang'ania na kichwa kinaanguka kwenye viganja vyake chote. Sijui nielezeje. Ni mtu mzima hujashikwa kichwa na mtu tangu utoto. Mara ya kwanza machozi yalitoka na sikua na huzuni yoyote, akanisogezea tishu bila kuuliza kitu, na hapo ndo alinipata, maana yule wa reiki angeanza kunieleza ni chakra gani imefunguka. Akimaliza anapitisha mkono taratibu sana toka bega hadi kiganja, kila upande. Hilo nalo lina maelezo ya kawaida tu, ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu zinazoitikia vizuri zaidi mguso wa polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, mwendo uleule mtu anaotumia kumbembeleza mtoto bila kufundishwa.

Kipandauso hakijaisha, nisidanganye mtu. Kinakuja mara chache zaidi, na siku kikija dawa ni ileile. Shingo imelegea sana. Usingizi ndo umebadilika kuliko vyote, ingawa katika kipindi hichohicho nilipunguza pia kazi za usiku kwahiyo sifa zote siwapi wao.

Sasa hii ya nishati. Ipo tiba nyingine inaitwa Therapeutic Touch, jina linasema mguso ila kwa kawaida mikono inapita hewani juu ya mwili, iliasisiwa 1972 na Dolores Krieger, profesa wa uuguzi New York, pamoja na Dora Kunz, na manesi wengi wakajifunza. Akatokea mtoto wa Kimarekani wa miaka 9, Emily Rosa, akafanya jaribio la shule: mtaalamu anapitisha mikono yote miwili chini ya pazia la kadibodi asiweze kuona, mtoto anashikilia mkono wake hewani juu ya mmoja bila kuugusa, mtaalamu aseme ni upi anahisi nishati. Wataalamu 21 walijaribu. Walipatia asilimia 44, yaani ungerusha sarafu ungewashinda. Ikachapishwa kwenye jarida la madaktari la Marekani, JAMA, mwaka 1998. Mi nilivyosoma hilo sikuona haja ya kuendelea kubishana na mtu kuhusu nishati. Nilijaribu hiyo ya hewani pia na nililala pale macho kodo nasubiri iishe.

Lakini hapohapo kuna utafiti mwingine nao unanifanya nisiwacheke watu. 2008 kwenye jarida la BMJ, timu ya Ted Kaptchuk wa Harvard ilichukua watu 262 wenye ule ugonjwa wa utumbo unaosumbua muda mrefu bila kidonda, wakawagawa: wengine wakawekwa tu kwenye foleni ya kusubiri, wengine wakapewa sindano feki za Kichina ambazo hata haziingii kwenye ngozi, na mtoa huduma ambae hana maneno, wengine sindano feki hizohizo ila mtu mchangamfu anayewasikiliza na kuwajali. Waliosema wamepata nafuu ya kutosha ni asilimia 28, 44 na 62. Dawa hamna, sindano hamna, tofauti ya 44 na 62 ni mtu! Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza aende reiki au kraniosakrali au polariti au nini namwambia jina la tiba achana nalo, uliza ni nani atakayekushika. Nimekutana na wa reiki mzuri sana baadae, mkimya, mikono mizito kidogo, na nimekutana na wa kraniosakrali anayeongea kikao kizima kuhusu safari zake, sikupumzika hata dakika.

Na kuna wale wa kukimbia. Mmoja alinishika kifundo cha mguu akatulia, akafumba macho, akasema figo zangu nishati yake imeziba na vikao vichache havitatosha, ninunue kifurushi. Kichwa kilipouma zaidi kesho yake akasema hiyo ni sumu inatoka, dalili nzuri. Unaona mtego? Ukipona ni yeye, ukizidiwa pia ni yeye. Halafu akaja kwenye dawa, kwamba kemikali zinazuia nishati nijaribu kuziacha kidogo. Hapo nilivaa viatu. Kwangu mimi dawa ya kipandauso kuiacha ni siku mbili za kulala gizani, ila aliyekuja baada yangu huenda ni mtu wa presha au kisukari au kifafa, na kumwambia huyo aache dawa ni kumuua kwa sauti nyororo. Mtu wa mikono akigusa dawa zako kwa mdomo, ondoka, hela iache hapo kama ni lazima.

Yule mama wa kraniosakrali kabla hajanigusa alikaa na mimi na kikaratasi, akauliza kama nimewahi kuumia kichwa, kama nimewahi kuvuja damu kichwani, ninatumia dawa gani, sehemu gani sitaki kuguswa, na akasema wazi, maumivu ya kichwa yakija ghafla ya aina ambayo hujawahi kuyapata, au na homa na shingo ngumu, au mkono umekufa ganzi, usinipigie mimi, nenda hospitali. Anaosha mikono mbele yako. Kila akihama sehemu anasema anahamia wapi. Na sehemu za siri hakuna tiba yoyote ya aina hii inayohitaji mtu azikaribie, ukiona mikono inatembea kuelekea huko inuka ukae.

Reiki ya mbali kwa simu nilijaribu mara moja. Mtu yuko kwake mi niko kwangu, nimelala, nikaambiwa saa fulani anatuma. Nililala usingizi, ningelala hata asingetuma. Sifuri.

Kujifunza mwenyewe ni jambo lingine na nalisifu kidogo. Reiki ngazi ya kwanza ni mafunzo mafupi, unafundishwa kujiwekea mikono mwenyewe, kuna ufunguzi wanakufanyia ambao sikuuhisi, ngazi ya pili wanakupa alama za kuchora, nikaishia ya kwanza. Ila ile tabia ya kujilaza usiku kiganja kimoja kifuani kingine tumboni na kukaa hivyo bila simu imebaki, naifanya nikishtuka saa nane, na mara nyingi usingizi unarudi kabla mahesabu hayajaanza.

Kitu kimoja kwa anayeenda mara ya kwanza: usipange kikao halafu mkutano au safari ya kuendesha gari hapohapo baada yake. Unainuka mezani taratibu maana kizunguzungu kipo, na kwa nusu saa hivi unakua mtu wa kukubali kila unachoambiwa, kwahiyo swali la kifurushi cha vikao kumi waambie utajibu kesho.