Nilivyobeba damu ya mjomba kwa tuktuk, na maabara niliyoipa nyota nne

Jina la maabara silitaji maana nina ugomvi nao kidogo, ila wakisoma watajijua. Mjomba ana sukari, kidonda cha mguu kikaharibika, mara homa mara anaweweseka, kufika hospitali tukaambiwa ni sepsisi, yaani mwili unapigana na maambukizi mpaka unajidhuru wenyewe, na siku ya pili mapafu nayo yakaanza. Nkauliza, jamani kidonda kiko mguuni, mapafu yameingiaje? Daktari akasema mwili ukipigana na wadudu mpaka ukapitiliza, vimishipa vya mapafu huanza kuvuja, maji yanajaa kwenye vifuko vya hewa. Eksirei yake pande zote mbili nyeupe.

Mashine ya kupima damu ya pale hospitali ilikuwa imekufa, kwa hivyo damu tupeleke nje wenyewe.

Hapa ndipo nawasifu hawa. Kupiga simu tu, dada wa mapokezi swali la kwanza: kaka, ya lakteti imetiwa kichupa cha kifuniko cha kijivu, na iko kwa barafu? Wallahi sikuwa najua. Lakteti ni asidi inayopanda kwenye damu mgonjwa akizidiwa. Kumbe chembe za damu hata zikishatolewa zinaendelea kula sukari na kutoa lakteti, sasa na joto letu hili ukikwama na tuktuk pale Makupa nusu saa, namba inapanda yenyewe na daktari anadhani mgonjwa kazidiwa. Ikatolewa upya, nkanunua barafu kwa wauza samaki, mbio. Ikatoka 4.1, na kwa mgonjwa kama huyu ikizidi 2 tu si ya kupuuza.

Prokalsitonini, kipimo cha damu kinachopanda bakteria wakishambulia mwili na kushuka wakishindwa, ndiyo iliyoniuma mfukoni, elfu tano na ushee kila safari, na lazima irudiwe. Ilianza 18 (mtu mwenye afya yake hafiki hata 0.1), baada ya siku mbili 8, kisha 2. CRP, kipimo chengine cha uvimbe na maambukizi mwilini, bado iko juu juu tu, mimi roho mkononi, fundi wao akanituliza kwamba hiyo hushuka polepole, nitizame hii prokalsitonini.

Nkamuuliza, hamna kipimo cha damu cha mapafu yenyewe? Mwengine angeniuzia chochote. Yeye akanambia kweli, watafiti hupima vitu kama angiopoietini-2 na RAGE kujua mapafu yameumia vipi, lakini hapa hawana na hata ng'ambo si kipimo cha kila siku, nifuate eksirei na damu ya ateri inayoonyesha oksijeni. Kwa hilo tu nyota moja.

Sasa ugomvi. Majibu ya usiku yaliingia WhatsApp saa mbili asubuhi, na sepsisi haingoji asubuhi. Tena Jumapili wamefunga saa saba mchana bila kusema, nimepanda ngazi zote zile nakuta kufuli, barafu inanyeyukia mkononi.

Mjomba kashatolewa oksijeni, saa hii anagombana na manesi kwa sababu ya chai isiyo na sukari.