Kuuza nyumba Kigoma: nilichopata gazetini na nilichopata mtandaoni

Nyumba tuliyouza iko Mwanga, hapa Kigoma. Baba aliianza miaka ya 80 akiwa mfanyakazi wa reli, kila mshahara ukitoka anaongeza kozi mbili tatu za tofali, na tulihamia kabla haijapigwa plasta. Alipofariki, mama alikwenda kukaa kwa kaka Dodoma, nyumba ikabaki na mlinzi. Mirathi ilipokamilika mama akatamka mwenyewe: iuzeni, nisije nikaiona inaanguka.

Ubishi ukawa tutaitangaza wapi. Kaka, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, alitaka gazeti, na namwelewa. Tumekulia kwenye nyumba ambayo gazeti lilikuwa na heshima yake. Baba alisoma Uhuru, na Jumapili Mzalendo, hata kama limefika na treni likiwa la juzi. Akimaliza analikunja, analiweka juu ya kabati, na ole wako ulichukue kufungia kitu. Kwa kaka, jambo likishaandikwa gazetini lina mwenyewe wa kuulizwa. Mimi nina duka mjini, naona jinsi watu wanavyoulizia kila kitu kwenye simu, nikashikilia mtandao. Mwisho tukakubaliana vyote viwili, na mimi ndiye niandike hesabu kwenye daftari. Hizi ndizo hesabu zenyewe.

Gazetini tulilipia matangazo madogo madogo kwa siku 3, Sh90,000. Unalipa kwa maneno, kwa hiyo nyumba yetu yote iliishia hivi: "INAUZWA nyumba Kigoma Mwanga, vyumba 4, umeme, maji, hati, milioni 48, maelewano yapo." Kaka alitaka tuongeze "inatazama ziwa". Tulipopiga hesabu tukayaacha, na mpaka leo maneno yale mawili yananiuma, maana kukaa pale barazani jioni ndiko kulikofanya watu waipende ile nyumba. Picha hatukuweka kabisa, kwa sababu hiyo ni bei nyingine.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa muuza magazeti asubuhi, halijafika. Lilipofika jioni nikalifungua pale pale nimesimama. Tangazo letu liko katikati ya mnada wa benki na taarifa ya hati iliyopotea, na namba yangu ya simu wameikosea tarakimu moja. Nilipiga ofisini kwao wakaomba radhi, wakarekebisha na kutuongezea siku moja bila malipo. Walifanya uungwana. Lakini siku ile ilikuwa imeshapita, na aliyepiga namba ile sijui alijibiwa na nani. Mtandaoni kosa kama hilo unalifuta mwenyewe kwa dakika moja.

Simu zilizotokana na gazeti zilikuwa 7. Tano za madalali. Mmoja alitaka asilimia 10, wengine walitaka niwatajie bei ya mwisho ili waweke cha juu, yaani sisi tupokee milioni 48, mnunuzi alipe 55 bila sisi kujua. Hilo nililikataa. Ya sita ilitoka Dar, mtu aliyetaka kujua nyumba iko umbali gani na reli ya SGR. Tangu mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma usainiwe Desemba 2022 maswali hayo ni mengi, lakini aliyeuliza hakupiga tena. Ya saba ilikuwa ya mzee mmoja wa Kasulu aliyekuja mwenyewe na kipande cha gazeti amekikunja mfukoni. Akazunguka nyumba kimya, akagonga kuta, akapanda kuangalia mbao za paa. Akaniambia, "Binti yangu, nyumba ni nzuri, ila uwezo wangu unaishia thelathini." Nilimshukuru kwa ukweli wake, na chai alikunywa.

Mtandaoni nilianza vibaya. Picha za kwanza nilipiga saa 7 mchana, jua la utosi, ukuta ukatoka mweupe pee na baraza ikawa giza tupu. Kijana wa jirani, ambaye hupiga picha za harusi, akaziangalia akatikisa kichwa. "Shangazi, vyumba tupige saa 2 asubuhi, madirisha yote wazi. Baraza tuiache mpaka saa 12 jioni." Akatoa ndoo na madumu, akasimama kwenye pembe ya kila chumba badala ya katikati ili sakafu nzima ionekane, na jioni akapiga baraza jua likiinamia upande wa Kongo, ziwa limekuwa la rangi ya mawese. Benchi la baba liliingia kwenye picha ile. Nilitaka kuliondoa, nikaliacha.

Niliweka picha 12 kwenye Facebook, kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya watu wa Kigoma, na kwenye tovuti moja ya kuuzia vitu. Bando Sh10,000, na Sh20,000 ya kulipia tangazo liwafikie watu zaidi. Ujumbe ulianza kuingia usiku ule ule. Bei imeandikwa, bado watu wanauliza "bei?" Eneo limeandikwa, wanauliza "ni wapi?" Ndani ya wiki mbili nilijibu watu zaidi ya 140, wengi wakiwa ni wa kutazama tu. Kama una kazi nyingine mchana kutwa, tenga mtu wa kujibu, maana mwenye nia ya kweli ukichelewa kumjibu anakwenda kwingine.

Wengine waliomba niwatumie picha ya hati. Usitume. Mwenye nia aje aione mkononi mwako, au wakili wake afanye upekuzi ofisi ya ardhi. Hati ikishasambaa kwenye simu za watu huwezi kuirudisha.

Siku ya nane alifika getini binti mmoja na begi lake, muuguzi aliyepangiwa kazi hapa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelipa Sh50,000 kwa mtu wa mtandaoni ili aoneshwe nyumba ya kupanga. Akanionesha simu yake: picha ni zetu, lile benchi la baba liko pale, na chini yake imeandikwa inapangishwa. Namba ya yule mtu haipatikani tena. Binti alikaa kwenye ngazi akalia, na mimi nikaona aibu kana kwamba nimemwibia mimi, kwa sababu picha nilizisambaza zikiwa wazi, bila alama yoyote. Tulimtafutia chumba kwa jirani. Usiku ule kijana akaandika juu ya kila picha, kwa herufi nene, INAUZWA, HAIPANGISHWI, pamoja na namba yangu, tukazifuta za zamani tukaweka upya. Ningeanza hivyo tangu mwanzo, yule binti asingepoteza pesa yake.

Mnunuzi alitokana na benchi hilo hilo. Mtu mmoja aliandika chini ya picha, "Hapo si kwa Mzee wa Reli?" kisha akamtagi rafiki yake, mwalimu aliyeko Mpanda, ambaye utotoni alikuwa akija kwetu kuchota maji. Mwalimu akampigia dada yake aliyepo Ujiji, dada akaja kukagua, na siku ya nne baada ya ukaguzi tukakubaliana milioni 45.

Hapo ndipo gazeti lilipopata kazi yake. Wakili wa mnunuzi akataka hati halisi, na kwenye sanduku la baba tukakuta nakala kivuli tu. Tulikuwa tumetangaza hati ambayo hatujawahi kuikagua, na hilo ni kosa letu wenyewe. Tukachukua taarifa ya upotevu polisi, na ofisi ya ardhi ikatuelekeza tutangaze kupotea kwa hati kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti la kawaida, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Posti ya Facebook isingetufaa kitu. Mwalimu alisubiri. Yule dada wa Ujiji alikikata kipande cha tangazo kwa wembe, akakitia kwenye plastiki pamoja na nakala ya mkataba, akasema kile ndicho kilichomfanya mdogo wake alale usingizi. Kaka aliposikia hivyo alifurahi sana.

Kwa hiyo nikiuza tena, pesa yote ya kutafuta mnunuzi naipeleka kwenye picha na bando. Gazeti nitalilipia pale tu sheria inapolitaka, na nitalilipia bila kunung'unika.

Miezi mitano baada ya mama kupokea pesa yake, simu ikaita. Mwanaume, yuko Uvinza, amenunua karanga zimefungiwa kwenye kipande cha gazeti, ameona nyumba ya vyumba 4 Mwanga. Bado ipo? Nikamwambia imeshauzwa. Akauliza kama kuna nyingine mtaa huo. Jirani yetu wa nyuma alikuwa ameanza kuwazia kuuza, nikampa namba yake.